Kitenzi "get": tazama kinachokifuata

Anayeanza Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "get" ni kupata, na kwa muda maana hiyo humtosha. Kisha anakutana na "I got tired", "get off the bus", "I got her to sign", na kupata hakumfikishi popote. Akifungua kamusi anazidi kuogopa, kwa sababu chini ya neno hilo moja kuna maana chungu nzima. Usizikariri. Maana ya "get" huamuliwa na neno linaloifuata, kwa hiyo kila ukiiona, peleka jicho mbele: je, kuna nomino, kivumishi, mahali, au kitenzi kingine?

Ikifuatwa na nomino, kupata hufanya kazi vizuri. "She got a job", alipata kazi. Humo humo mna kununua na kuleta: "Get some bread" ni nunua mkate, "Get me a chair" ni niletee kiti. Wala "I get it" isikusumbue. Nasi husema "nimekupata" tukimwelewa mtu, na "simpati" simu yake isipoita, ambayo ni "I can't get him on the phone".

Hatari iko upande wa pili: si kila kupata ni "get". Kupata ajali ni "have an accident". "I got an accident" ni kosa la kutafsiri neno kwa neno. Kupata mtoto ni "have a baby", kupata hasara ni "make a loss", kupata uhuru ni "gain independence". Kwenye mimba "get" inarudi, ila na kivumishi: "get pregnant", si "get a pregnancy".

Kivumishi ndicho kinachotaka subira kuliko vyote. "Be" hueleza hali ilivyo, "get" hueleza kuingia katika hali hiyo. "I am tired" ni nimechoka. "I am getting tired" ni naanza kuchoka. "I got tired" ni nilichoka, wakati fulani uliokwisha pita. Kiswahili hubeba haya yote ndani ya kitenzi kimoja, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea: akiona -me- ya nimechoka anadhani ni tendo lililopita, anaandika "I got tired" kumbe uchovu bado anao. Njia ya kujikagua ni hii. Vitenzi vyetu vya kuingia katika hali, kama choka, kasirika, lewa, zeeka, lowa na potea, kwa Kiingereza huwa "get" na kivumishi: get tired, get angry, get drunk, get old, get wet, get lost. Lakini ukisema kwa -me- kuhusu hali iliyopo sasa, ondoa "get" uweke "be". Amekasirika ni "she is angry", amelewa ni "he is drunk".

Kwa ndoa, Kiswahili hutenganisha kuoa na kuolewa. Kiingereza husema "get married" kwa wote wawili. Kihusishi chake ni "to", si "with": "She got married to a teacher". Ukitumia "marry" peke yake, kihusishi hakihitajiki kabisa: "She married a teacher".

Miundo kama "get paid", "get hurt" na "get arrested" ni kauli ya kutendwa kwa lugha ya mazungumzo. Inafaa kwa jambo linalomtokea mtu, haifai kwa hali tulivu ya moyoni. Mtu anayependwa na wote ni "loved by everyone" na "is" mbele yake, si "gets".

Kuhusu mahali, "get to" ni kufika: "We got to the station at 6". Home, here na there hazitaki "to", kwa hiyo ni "get home", kamwe si "get to home". Kwenye vyombo vya usafiri, kile unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokaa juu yake kama baiskeli, ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of".

Kitenzi kingine kikifuata, hesabu maneno kwa makini, maana kitu kidogo hugeuza kila kitu. "I got her to sign" ni nilimshawishi akatia saini. Ukiacha "to", sentensi imevunjika. "I got my phone repaired" ni niliitengenezesha simu, kazi akafanya fundi. Kitu hutangulia, kitenzi hufuata. Sisi husema "nimenyoa" hata kama mkasi ulishikwa na kinyozi, lakini "I cut my hair" humfanya msikilizaji aelewe kwamba ulijinyoa mwenyewe. Sema "I got my hair cut".

Halafu kuna jozi hii: "I got to meet her" ni nilipata kuonana naye, ilhali "I've got to meet her" ni lazima nionane naye. Tofauti yote imo katika "'ve", ambayo masikioni ni nyepesi sana. Hiyo "have got" ndiyo pia "nina": "I've got a car", nina gari. Nchini Marekani husemwa pia "I've gotten a car", yaani nimepata gari. Uingereza "gotten" haitumiki sana, "got" hubeba maana zote mbili.

Katika barua rasmi na insha za mtihani, punguza "get". Weka "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata kwa juhudi, "become" kabla ya kivumishi, na "arrive" kwa kufika, ukikumbuka kwamba "arrive" huchukua "at" au "in", si "to".