Madogo mnaotaka kikapu kiwe kazi, someni hii kabla hamjasaini

Wadogo zangu mambo vipi, kila wiki kuna dogo ananiuliza atafikaje NBA, ile ligi kubwa ya kikapu Marekani, ila hakuna anayeuliza habari za ligi za chini yake na huko ndo wengi wetu tunakoishia miaka yote ya kucheza.

Mimi nimecheza madaraja ya chini miaka tisa, nimeanzia viwanja vya sakafu Dar, na kosa langu lilikuwa kuhesabu pointi. Nafunga 25, nafunga 28, narudi home najiona nimemaliza, skauti akija anamchukua mwenzangu aliyefunga sita. Nimekuja kuelewa nimechelewa kwamba timu ya juu wafungaji inao tayari, inachotafuta ni mtu wa kuziba pengo, anayekaba bila kuchoka, anayeweka skrini (anasimama kumzuia mkabaji ili mwenzake apite), anayekaa kona na mpira ukimfikia anatia. Chagua kimoja hapo ukifanye mpaka kila kocha akikutaja akitaje na hicho.

Mcheki Andre Ingram. Jamaa alikaa miaka kama 10 D-League, ligi ndogo ya NBA, hii ambayo tangu 2017 inaitwa G League, huku anafundisha watoto hesabu ili maisha yaende, mpaka Aprili 2018 Lakers, timu ya NBA, wakamwita ana miaka 32, zimebaki mechi mbili tu msimu uishe. Mechi ya kwanza na Houston akawapiga 19! Kilichomfikisha pale ni mtupo wake wa pointi tatu, basi.

Na unaweza kushushwa pia. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 kuingia NBA mwaka 2009, mbele ya mastaa Harden na Curry, ila Februari 2010 timu yake Memphis wakampeleka Dakota Wizards, timu ya D-League. Wapo waliomcheka huku Bongo, iliniuma na bado inaniuma, maana mwaka 2020 akiwa na miaka 32 alirudi tena ligi ileile na Fort Wayne, akapambana. Ukishushwa nenda kacheze.

Sasa hela. Msimu wa 2018/19 mshahara wa G League ulikuwa dola 35,000 kwa miezi mitano, kabla ya kodi, ndo maana wengi wanakimbilia Asia na Ulaya. Mimi nilienda nje msimu mmoja, timu ikanikalisha miezi mitatu bila mshahara na mkataba nilisaini kwa lugha nisiyoijua, nikawa sina pa kushtaki. Kumbe FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wana chombo cha usuluhishi kinaitwa BAT, kipo tangu 2007, ila kinakusaidia kama mkataba wako umeandikwa kwamba mgogoro utaenda huko. Mwambie ejenti wako akiweke hicho kipengele, pamoja na tiketi ya kurudi na nani analipa ukivunjika goti, na akikwambia hayo tutayaongea ukishafika, usipande ndege.