Mbegu chotara na uvumi wa GMO

SWALI: Mimi ni afisa ugani, Sikonge, Tabora. Wakulima wanakataa mahindi chotara, wanadai ni GMO (mimea iliyobadilishwa jeni) na yanaharibu uzazi. Niwaeleze vipi?

JIBU: Usianze na hotuba. Waulize wamesikia nini, andika ubaoni, kisha jibu hoja moja moja. Chotara hupatikana kwa kuchavusha mahindi ya wazazi tofauti shambani; GMO hubadilishwa jeni, yaani chembe zinazobeba sifa za kiumbe, maabarani. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yana jeni ya bakteria wa udongoni, huua baadhi ya viwavi. Jeni hiyo haiyasaidii kuhimili ukame, basi usiyapambe. Majaribio ya mahindi ya GMO yalianza Makutupora, Dodoma, 2016. Serikali iliyasitisha 2021.

Kuhusu uzazi: jeni za mmea wowote tunaoula humeng'enywa tumboni kama chakula kingine.

Kinachoweza kuchochea uvumi pia ni kulazimika kununua mbegu ya chotara kila msimu. Hapo shamba darasa (shamba la mfano la kujifunzia) husema kuliko wewe: mistari minne ya chotara mpya, minne ya mbegu iliyovunwa kwenye chotara hiyo hiyo, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea, mbolea sawa. Ile ya kurudia itatoka mirefu kwa mifupi, magunzi hayalingani, kwa sababu sifa za wazazi zimetawanyika. Waache wapime mavuno wenyewe.