Ipi, upi au kipi? Kulinganisha zana za tovuti kwa Kiswahili

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninaandika makala ya kuwasaidia wenye biashara kuchagua zana za kutengenezea tovuti na programu zao. Nilianza na sentensi hii: "Kati ya WordPress, React na Django, ipi ni bora zaidi kuliko nyingine?" Mhariri wangu ameirudisha. Anasema niandike "upi" kwa kuwa WordPress ni mfumo, anasema "bora zaidi kuliko" ni kurudia jambo lilelile, na anataka "zana za kutengeneza" badala ya "zana za kutengenezea". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Nzuri, na asante kwa kuleta sentensi yenyewe, maana inafundisha kuliko swali la jumla. Kuhusu "kutengenezea" uko sahihi wewe. "Zaidi kuliko" si kosa, ingawa hapo haikuwa na kazi. Kwenye "ipi" na "upi" kila mmoja wenu ameshika upande wake wa ukweli, na hapo ndipo ningependa tukae, kwa sababu kiambishi hicho kimoja kinafichua tatizo la makala yako nzima.

Tuanze na desturi. Jina geni la kitu kisicho na uhai kwa kawaida tunalipeleka ngeli ya I-ZI: "React ilitolewa mwaka 2013", "Laravel inatumia PHP" (PHP ni lugha ya kuandikia programu, na Laravel ni kiunzi, yaani "framework": mifupa iliyo tayari ya kujengea programu). Ni desturi nzuri na inafanya kazi kubwa kwa herufi chache. Chukua Django, kiunzi kilichopewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Ukiandika "Django alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910" na mbele kidogo "Django ilitolewa kwa umma mwaka 2005", hakuna msomaji atakayechanganya mtu na programu. Kiambishi kimemaliza kazi bila maelezo yoyote.

Lakini tunayo pia desturi ya pili, nayo ni kongwe. Jina mahususi linaweza kufuata nomino ya kawaida iliyojificha nyuma yake. Tunasema "Nile unamwaga maji yake Mediterania" kwa kuwa nyuma yake kuna mto, na "Kilimanjaro una theluji" kwa kuwa nyuma yake kuna mlima. Mhariri wako amesimama hapa. WordPress ni mfumo wa kusimamia maudhui, kwa hiyo "WordPress umekua", na swali lake ni "upi". Hoja hiyo haina kasoro ikiwa unazungumzia WordPress peke yake.

Sasa jaribu kuipeleka kwa wale wengine wawili. React ni maktaba ("library", yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumika), na hata wenyewe wanaoitengeneza huiita hivyo: swali lake ni "ipi". Django ni kiunzi: swali lake ni "kipi". Kwa kufuata nomino iliyojificha, sentensi yako inadai "upi", "ipi" na "kipi" kwa wakati mmoja, na neno moja haliwezi kubeba yote matatu. Hilo si tatizo la sarufi tu. Sarufi inakuonya kwamba umepanga kwenye mstari mmoja vitu visivyofanya kazi moja.

Tazama kila kimoja kinachofanya. WordPress, iliyoanza mwaka 2003 kama chombo cha kuandikia blogu, unaisakinisha kwenye seva, unachagua mwonekano, unaongeza programu-jalizi (programu ndogo za kuipa uwezo zaidi), kisha unaandika kurasa zako. Mwenye biashara asiyejua kuandika msimbo anaweza kubadilisha bei au picha mwenyewe. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, nayo inampa mtu anayejua lugha ya programu ya Python sehemu zilizo tayari za kujengea programu: njia ya kuongea na hifadhidata, akaunti za watumiaji, ukurasa wa msimamizi. React kazi yake ni kuchora kile mtumiaji anachokiona na kukibonyeza kwenye kivinjari. Haihifadhi oda ya mteja wala haijui nani amelipa. Hayo lazima yafanywe na programu nyingine iliyo nyuma yake, na hiyo inaweza kuwa Django, au hata WordPress.

Na kuna jambo ambalo ningelitia kwenye makala yako bila kusita: kihariri cha kurasa kilichokuja na toleo la 5.0 la WordPress, Desemba 2018, kimejengwa kwa React. Anayeuliza "WordPress au React?" anauliza achague kati ya kitu na sehemu iliyomo ndani yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukitaka kuwaweka wote pamoja, tumia nomino inayowafunika, yaani zana, nayo itakurudishia "ipi" yako kihalali: "Kati ya zana hizi tatu, ipi...?" Ukitaja nomino zenye ngeli tofauti bila nomino ya kuzifunika, kitenzi kichukue "vi-": "mfumo, maktaba na kiunzi vinategemeana". Lakini ukitaka msomaji afaidike, gawa swali lako kwa ngeli. Mfumo upi: WordPress, Drupal au Joomla? Kiunzi kipi: Django, Laravel au Ruby on Rails? Hapo unalinganisha vinavyolingana. Kwenye upande wa kivinjari mpaka hauko wazi hivyo, kwa sababu React hujiita maktaba ilhali Angular na Vue hujiita viunzi, na watu huzilinganisha kila siku kwa haki kabisa maana kazi yao inakaribiana. Hapo rudi kwenye "zana" na uendelee bila wasiwasi.

Nije kwenye "bora zaidi kuliko". Tazama umbo la "kuliko": ku-li-ko. Ndani yake mna kitenzi "li", chenye maana ya kuwa, na "-ko" ya mahali. Kivumishi hakihitaji kubadilishwa umbo ili kilinganishe. Kinasimama kama kilivyo, na "kuliko" inakiweka mbele ya kitu cha pili. "Joomla ni rahisi kuliko Drupal" imekamilika. Ukiongeza "zaidi" umetia mkazo, na wasemaji wazuri hufanya hivyo kila siku. Siwezi kuiita kosa. Ila mkazo ukiwa kwenye kila sentensi hakuna unaosikika, na makala ya ulinganishi ina sentensi za namna hiyo tele. Uweke pale ambapo tofauti ni kubwa kweli.

Kwenye sentensi yako kuna ziada nyingine ambayo mhariri hakuigusa. "Kati ya" imeshaweka uwanja wa ulinganishi, basi "kuliko nyingine" haina inachoongeza. Isitoshe, "nyingine" katika ngeli hii ni umbo lilelile kwa umoja na wingi, na msomaji hajui kama unasema kuliko moja au kuliko zote mbili zilizobaki. Andika "Kati ya zana hizi tatu, ipi bora?" au, ukiacha "kati ya", andika "zana bora kuliko zote". Hapo pia ngeli ikusaidie: "kuliko yote" kwa mifumo, "kuliko vyote" kwa viunzi, "kuliko zote" kwa zana na maktaba.

"Kuliko" ina mtego ambao katika makala za kibiashara unaweza kumtia mtu hasara. Soma hii: "Mteja anaiamini Laravel kuliko mtengenezaji." Je, mteja ana imani na Laravel kupita imani aliyo nayo kwa mtengenezaji? Au mteja anaiamini kupita mtengenezaji anavyoiamini? Sentensi inakubali maana zote mbili. Dawa ni kurudisha kitenzi chenye "-vyo-": "kuliko anavyoiamini mtengenezaji", au "kuliko anavyomwamini mtengenezaji". Ni silabi chache tu zinazoongezeka, na shaka yote inakwisha. Mimi nikiona "kuliko" imefuatwa na nomino ya mtu, husimama na kuipima sentensi upya.

Kilicho muhimu kupita haya yote ni neno ambalo halimo kwenye sentensi yako: "kwa". "Bora" peke yake haina kipimo. Bora kwa wepesi wa kujifunza? Kwa gharama ya matunzo? Kwa usalama? Kiswahili kina vitenzi vinavyokulazimisha kukitaja kipimo, navyo ni kuzidi, kupita na kushinda. "WordPress inaizidi Drupal" inaning'inia, sikio linasubiri. "WordPress inaizidi Drupal kwa idadi ya tovuti zinazoitumia" imetua, na ni kweli kabisa, kwani WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Kisha unaweza kugeuka upande wa pili bila kujipinga: kuzidi kwa idadi si kuzidi kwa kufaa, na programu yenye kanuni zake za pekee, kwa mfano ya kupanga zamu za wafanyakazi, inaweza kujengeka vizuri kwa Django kuliko kwa rundo la programu-jalizi. Ningekushauri upitie rasimu yako yote, na kila penye "bora" uone kama kuna "kwa" karibu yake. Pasipokuwa nayo, ama itie au ifute sentensi.

Jihadhari pia na "mara mbili zaidi". Ukiandika kwamba ukurasa mmoja ulichukua saa 10 za kazi na mwingine "mara mbili zaidi", wapo watakaosoma saa 20 na wapo watakaosoma saa 30, yaani 10 pamoja na mara mbili yake. Andika "mara mbili ya" ukimaanisha 20. Vivyo hivyo "mara tatu pungufu" haieleweki, andika "theluthi moja". Na kama takwimu yenyewe unayo, iweke tu, msomaji ataona tofauti mwenyewe.

"Zana za kutengenezea" imalizike haraka. Kauli ya kutendea ndiyo inayoonyesha kifaa: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, zana ya kutengenezea. Ukiiondoa, maana inaweza kugeuka. "Saa za kutengeneza" ni saa mbovu zinazosubiri fundi. Nomino "tovuti" ikifuata, msomaji atakuelewa hata ukiandika "za kutengeneza tovuti", na wengi huandika hivyo. Lakini aliyeandika "kutengenezea" hakustahili kusahihishwa.

Ningekuwa mimi, aya yako ya kwanza ningeiandika hivi: "Kabla ya kuuliza ni zana ipi bora, sema unajenga nini. Kwa tovuti ya kurasa utakazozibadilisha mwenyewe, uliza mfumo upi: WordPress ni rahisi kuliko Drupal kwa anayeanza. Kwa programu yenye kanuni zake yenyewe, uliza kiunzi kipi, na lugha ambayo mtengenezaji wako anaijua ndiyo iamue kati ya Django na Laravel. React itakuja baadaye, pale utakapohitaji skrini inayobadilika papo hapo mtumiaji anapobonyeza."

Ukifika mahali pa kuongeza Shopify, usiiingize kwenye swali la mfumo wala la kiunzi. Hiyo ni huduma ya kufungulia duka la mtandaoni: inakaa kwenye seva za wenyewe na unailipia ada ya mwezi. Huduma nayo ina "ipi" yake, pamoja na kipimo ambacho zile nyingine hazina, yaani kiasi cha kazi yako unachoweza kuondoka nacho siku ukiacha kulipa.