Nikitia chumvi kwenye rejeta, si sawa na kulanti?

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu dogo huchemsha nikikaa kwenye foleni. Muuza vipuri anataka ninunue kulanti (kimiminika cha kupoza injini), jirani anasema kulanti ni ya nchi za baridi, huku maji yanatosha. Shuleni tulifundishwa kwamba maji ya chumvi huchelewa kuchemka. Je, nikitia chumvi si nitapata faida ileile kwa bei ya chee? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako alisema kweli, ila hesabu inakukataa.

Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapofikia ule wa hewa iliyo juu yake. Ukiyeyusha humo kitu kisichogeuka mvuke kirahisi, molekuli za maji zinazotoka hupungua, hivyo utahitaji joto zaidi ili yachemke. Mfaransa François-Marie Raoult alilipima jambo hili miaka ya 1880. Kinachohesabika hasa ni wingi wa chembe zilizoyeyuka, si aina yake.

Sasa ona. Ili kuongeza nyuzi 1 tu, unahitaji takribani gramu 58 za chumvi kwa kila lita. Maji ya bahari yana kama gramu 35. Kwa hiyo hata ukichota bahari ya Kigamboni ukajaza rejeta, utaambulia nusu nyuzi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi itaanza kutoboa aluminiamu ya rejeta na silinda hedi (kichwa cha injini). Usithubutu! Hata maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yaache. Ukoko wake huziba njia nyembamba za rejeta.

Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli pamoja na dawa za kuzuia kutu. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji safi, mchanganyiko huganda kwenye nyuzi 37 hivi chini ya sifuri (hilo ndilo jirani yako alilosikia) na huchemka kwenye nyuzi 107 hivi. Kwetu sisi hizo nyuzi saba na dawa ya kutu ndizo tunazolipia. Lakini usiimimine tupu ukidhani ndiyo bora zaidi. Glaikoli ni nzito kutiririka na hubeba joto kidogo kuliko maji. Ikizidi, injini hupata moto zaidi. Halafu ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo dumu liwe mbali na watoto.

Kinachofanya kazi kubwa kuliko kulanti ni kifuniko cha rejeta, na watu hukidharau. Kikishikilia mgandamizo wa bar 1 juu ya ule wa hewa, hata maji matupu hayachemki mpaka nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, faida hiyo yote imepotea. Ndiyo maana pia hatufungui kifuniko injini ikiwa ya moto: mgandamizo unashuka ghafla, maji yaliyopita nyuzi 100 yanalipuka kuwa mvuke usoni pako.

Gari linalochemsha kwenye foleni na kutulia likikimbia, mimi huanza na feni, kisha kifuniko, kisha themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto). Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, utazame maji. Ukiona mapovu mfululizo, huenda gasketi ya silinda hedi (kizibo kati yake na bloku ya injini) imeungua, na hapo kulanti ya aina yoyote haitakusaidia.