Lenzi ya kioo 500mm kwenye Nikon au Canon: hesabu meno ya uzi kabla hujalipia adapta

Mkuu, umeuliza kama lenzi ya kioo ya milimita 500 uliyoachiwa na mzee inaweza kukaa kwenye Nikon D3400 yako, na kama adapta (pete ya kuunganishia lenzi na kamera) "ya 42" uliyoonyeshwa dukani itafaa. Kukaa itakaa, ila usitoe hela kabla hujahesabu meno ya uzi. Nieleze kwa kirefu, maana mimi somo hili nimelilipia.

Nipo Mwanza. Picha si kazi yangu, ni ugonjwa wangu wa Jumamosi na Jumapili: minandi, midiria, furukombe wa kwenye majabali. Lenzi za kisasa za kufika mbali bei yake unaijua. Ndiyo maana mjomba wangu, aliyesoma Urusi enzi zile ikiitwa Umoja wa Kisovieti, aliponikabidhi mkebe wenye lenzi imeandikwa 3M-5A sikulala. (Hiyo "3" wala si tatu, ni herufi Z ya Kirusi. Mimi niliitafuta mtandaoni kama tatu mwezi mzima, na nikaikuta, kwa sababu dunia nzima inakosea hivyohivyo.)

Kwa wasioijua, kioo ninachosema hapa ni cha kujitazamia. Mwanga unaingia mbele, unagonga kioo kikubwa kilicho nyuma, unarudishwa kwenye kioo kidogo cha mbele, kisha unapita kwenye tundu la katikati na kuingia kwenye kamera. Safari ya mwanga imekunjwa, ndiyo maana milimita 500 zinaenea kwenye kitu kifupi kuliko chupa ya chai. Hasara yake, haina apacha, yaani tundu la mwanga la kufungua na kufunga. Ni f/8 asubuhi, f/8 jioni, f/8 mpaka unazeeka.

Sasa kosa langu. Wakati ule nilikuwa na Nikon D5200. Nikamwambia muuzaji nataka adapta ya Nikon, uzi milimita 42. Akanipa. Nikaanza kuifunga, ikaenda mzunguko mmoja na kitu, ikagoma. Nikajisemea ni kutu ya miaka. Nikachukua koleo na kitambaa. Ikaenda kidogo tena, na hapo nikaona unga unaong'aa unadondoka mezani: lilikuwa jino la kwanza la uzi wa lenzi ya mjomba.

Tatizo ni kwamba kuna nyuzi mbili zenye kipenyo kilekile cha milimita 42, na hazipatani hata kidogo. Moja ni ile ya kamera za zamani za Zenit, Praktica na Pentax, ambayo watu huiita M42 tu: jino hadi jino ni milimita 1. Ya pili ni T2. Hiyo ilianzia Japani kwa kampuni ya Taisei, ambayo leo ni Tamron, na jino hadi jino ni milimita 0.75. Kwa macho ni mapacha. Muuzaji akikwambia "42" hajasema uongo, ila hajasema kitu.

Kupima hakuhitaji mashine. Weka rula ya shule kwenye uzi wa lenzi, piga picha ya karibu kwa simu, kuza, hesabu. Ndani ya milimita 3 ukipata meno 3, hiyo ni M42. Ukipata 4, ni T2. Na wakati wa kufunga, fundi mmoja wa kukereza kule Nyakato, aliyeninyooshea ule uzi niliouharibu, alinifundisha jambo nalifanya mpaka leo: zungusha kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie "tik" ya jino kudondokea mahali pake, ndipo ufunge kwa vidole viwili. Ikihitaji nguvu ya kiganja, simama.

Uzi ukishajulikana, bado kuna umbali, na hapa ndipo Nikon inapotofautiana na Canon. Kila kamera ina kipimo chake kutoka mdomo wake, pale lenzi inapokaa, hadi kwenye sensa inayopokea picha. Nikon F ni milimita 46.5. Canon EF ni 44. Lenzi ya M42 inataka 45.46. Kwa hiyo ukiipeleka M42 kwenye Canon, una nafasi ya milimita moja na nusu hivi ya kuweka pete ya chuma, mambo safi. Ukiipeleka kwenye Nikon, hata bila pete lenzi tayari imekaa mbele kupita inavyotakiwa kwa milimita 1.04. Kidogo sana, utasema. Chukua 500 mara 500, gawa kwa 1.04: unapata milimita kama 240,000, yaani mita 240. Hapo ndipo mwisho wa lenzi yako kuona sawasawa. Pete ikiongeza unene wake, mwisho unasogea karibu zaidi.

Mimi, nilipokwisha kupata pete ya M42 ya Nikon, niliyaona haya kwa macho pale Capri Point kabla sijajua hesabu yake. Ndege aliyekaa kwenye jabali la karibu, manyoya yote unayahesabu. Nikigeuzia ng'ambo kwenye mawe ya kisiwa cha Saanane, ukungu. Nikadhani ni macho, nikadhani ni joto la maji, nikamlaumu mjomba. Kumbe pete.

Wapo watakaokwambia lenzi za kioo zina akiba. Ni kweli. Nyingi zimeachiwa zipitilize alama ya mbali kabisa, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na vioo vinasogea. Akiba hiyo ikiwa kubwa inaweza kufidia ile milimita, ukawa na bahati. Yangu haikutosha. Wapo pia wenye adapta zenye kilenzi kidogo katikati cha kurekebisha umbali. Nimejaribu moja. Inafika mbali, ndiyo, lakini picha inakuwa kama umepigia kwenye kioo cha daladala. Kwa maoni yangu heri ukose mbali kuliko kuweka kilenzi cha bei chee nyuma ya lenzi nzuri.

Kwa hiyo kwako wewe mwenye D3400: uzi ukiwa T2, nunua pete ya T2 ya Nikon na usiwe na wasiwasi wowote. T2 imepangiwa milimita 55, ndefu kuliko kipimo cha kamera yoyote ya kawaida ya SLR (yenye kioo cha ndani), hivyo pete inajaza pengo tu: 8.5 kwa Nikon, 11 kwa Canon. Haina kilenzi ndani, ni chuma. Uzi ukiwa M42, ningekuwa wewe ningetafuta bodi ya Canon ya mtumba, hata 600D, kuliko kupigana na Nikon. Mimi ndicho nilichofanya. Na mwenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani hana shida hii kabisa, kwa sababu Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Pengo ni kubwa, unaweka bomba la adapta tu. Kama bodi yake inatuliza mtikisiko, aiandikie kwenye menyu kwamba lenzi ni 500, maana yenyewe haitajua.

Pete za T2 zina skrubu tatu ndogo ubavuni. Wengi hawajui kazi yake. Ukishafunga lenzi, mara nyingi namba za umbali zinaangalia chini au pembeni. Legeza zile skrubu kwa bisibisi ya fundi saa au alenki (ufunguo wa pembe sita) ndogo, zungusha lenzi mpaka namba zije juu, kaza tena. Kazi hiyo ifanyie mezani. Mimi niliifanya ndani ya mtumbwi, na alenki ipo chini ya Ziwa Victoria hadi leo.

Kwenye D3400 kuna jambo jingine: lenzi isiyo na umeme ikiwekwa, kamera haipimi mwanga. Weka M (kila kitu kwa mkono), upime mwenyewe. Canon inapima hata kwenye Av, ambako kamera inachagua shata yenyewe. Mimi naanzia hapa: jua kali, ISO 400, shata 1/800. Kwa kanuni ya f/8 ya kawaida ingekuwa 1/1600, lakini kile kioo kidogo cha mbele kinaziba sehemu ya mwanga, hivyo f/8 yako inafanya kazi kama f/11 hivi. Piga moja, tazama, rekebisha. Kwenye mtumbwi usishuke chini ya 1/1000, panda ISO. Stendi ya miguu mitatu ndani ya mtumbwi wa mashine ni kujisumbua, inatetemeka na injini.

Fokasi ni ya mkono na dirisha la kutazamia litakuwa na giza. Tumia skrini, kuza picha, geuza pete polepole. Kazi ya mbali ifanye kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo hewa juu ya maji inaanza kucheza na hakuna adapta ya kuizuia. Na siku wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, usihangaike na pete. Fokasi yako ni nzima, wadudu ndio wamejaa katikati.

Maji yanayometa nyuma ya ndege yatakutolea bangili nyingi, vijiduara vyenye tundu, kwa sababu ya kile kioo cha katikati. Wengine wanazichukia. Mimi kwa picha za wavuvi pale Mwaloni Kirumba nazipenda, kwa picha ya ndege kwenye matete zinaniudhi, kila unyasi unaonekana kama nyasi mbili.

Jua la machweo nyuma ya jiwe la Bismarck usilitazame kwa jicho kupitia lenzi hii. Tumia skrini, tena kwa haraka, kisha weka mfuniko. Na ikirudi nyumbani isikae kwenye mkoba wa ngozi, unyevu wa ziwa unaotesha kuvu kwenye vioo. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na zile punje za kunyonya unyevu za kwenye maboksi ya viatu.

Pima uzi leo, uweke hapa picha ya rula na meno. Na ile adapta ya dukani, mwombe muuzaji akuruhusu uijaribu kwa vidole viwili palepale kaunta.