Jibu: Je, samadi pekee inaondoa chumvi shambani?

Ndugu, umeuliza kama samadi itaondoa huo ukoko mweupe wa chumvi shambani kwako. Peke yake, hapana. Kinachoondoa chumvi ni maji yanayopenya na kuishusha chini ya mizizi. Kazi ya samadi na mboji ni kuufungua udongo ili maji hayo yapate njia. Kwa hiyo kama maji yanatuama, chimba mifereji ya kuyatoa kwanza, la sivyo jua litaivuta chumvi juu tena.

Pima udongo kabla hujanunua chochote. pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikizidi 8.5, huenda tatizo ni sodiamu, na hapo utahitaji jasi pia, yaani madini yenye kalsiamu: kalsiamu yake huiondoa sodiamu iliyong'ang'ania kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, kisha maji huisomba.

Samadi mbichi ya kuku iogope, yenyewe ina chumvi nyingi (wengi huunguza miche hapo). Ya ng'ombe iliyooza vizuri ni afadhali. Ukishapanda, tandaza nyasi kavu ili unyevu usipotee haraka. Maharage yaache kwanza, hayavumilii chumvi kabisa. Jaribu shayiri au pamba.