Usimwachishe kaka yako lithiamu kwa ajili ya picha ya ubongo

Mkuu mleta mada, simamisha kwanza kila kitu. Kwa maelezo yako, kaka yako ana bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi kisha kumshusha, yuko kwenye lithiamu, dawa ya kumtuliza, mwaka wa tatu huu na ametulia, na kuna kituo kimewaahidi picha ya ubongo itakayoonyesha aina halisi ya ugonjwa wake na dawa inayomfaa. Katikati ya maelezo, kama kitu kidogo tu, umeandika kwamba wamemtaka aache dawa siku kumi kabla ya kipimo ili ubongo "uonekane safi", na kwamba ameshaacha tangu juzi. Ndipo ukauliza: kati ya MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) kipi bora, tiba ya sumaku ikoje, dawa ya ketamini ikoje, na je, anaweza kuingia kwenye utafiti? Wachangiaji wawili juu yangu wamekupongeza kwa kufuata sayansi. Mimi macho yamegoma hapo kwenye "tangu juzi".

Mimi ndiye niliyemwachisha mdogo wangu lithiamu. Sababu ilikuwa hiyo hiyo, na maneno karibu yale yale.

Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka 22. Alilazwa mara mbili, akaanzishiwa lithiamu, akatulia miaka minne. Alirudi kazini, akawa analala usiku kama watu, akachumbia. Alilalamika mikono inatetemeka kidogo, kiu haimwishi, na kwamba kichwani kuna taa mtu ameipunguza mwanga. Yalikuwa malalamiko ya kweli na daktari wake aliyajua, walikuwa wanarekebisha dozi taratibu. Ila mimi nilikuwa nimesoma makala zangu kuhusu ubongo, nikajiona naelewa kuliko daktari. Ndipo nikakutana na mtaalamu mmoja, simtaji. Ukutani kwake kulikuwa na kioo kikubwa chenye ubongo wa rangi unaozunguka polepole, na yeye mwenyewe alizungumza kwa utulivu wa mtu asiye na wasiwasi na lolote. Akaniuliza kama ningekubali mfupa uliovunjika utibiwe kwa maongezi tu, bila picha. Nikasema hapana. Hapo alikuwa ameshanipata.

Akasema aache lithiamu wiki mbili, maana dawa "inafunika alama za ugonjwa". Mdogo wangu alisita. Aliniambia, "Kaka, mimi nikiacha hiki kidonge sijijui." Nikambembeleza. Nilikaa naye kitandani saa nzima nikimweleza jinsi mashine inavyofanya kazi, mimi ambaye sijawahi kuigusa. Akakubali kwa sababu ni mimi niliyemwomba.

Picha ikatoka. Karatasi nzito inayong'aa, ubongo uliokatwa vipande kumi na viwili, machungwa hapa, bluu pale. Yule bwana akazungushia doa moja la bluu kwa kalamu, akasema sehemu hii imelala, na kwa picha hii hakuna bipola, ni msongo wa muda mrefu. Nilitamani kulia kwa furaha. Lithiamu haikurudi tena mezani. Kwa nini irudi, na ubongo umeshasema hauna ugonjwa?

Wiki ya tatu, saa nane za usiku, nikasikia vyuma vinagongana sebuleni. Nikamkuta amefungua redio, feni na simu yake mwenyewe. Skrubu zote alikuwa amezipanga sakafuni kwa mistari kufuata ukubwa, vichwa juu, kati ya mstari na mstari ameacha upana wa kidole. Hakuinua uso. Akasema, "Usikanyage, bado kidogo nijue sauti inakotoka." Ulikuwa usiku wake wa tatu bila kulala. Asubuhi alikuwa ameshawapigia simu watu kazini kwake kuwaambia amegundua jambo, na kabla ya jioni akiba yake yote ilikuwa imetoka.

Alilazwa wiki sita. Kazi ikaenda, uchumba ukaenda. Alipomaliza kupanda akashuka, na huko chini alikaa miezi saba. Kuna mchana mmoja katika hiyo miezi saba ambao sitauandika hapa. Yu hai. Ameanza tena lithiamu, ila safari hii ilichukua muda mrefu sana kushika.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili hakuniambia mtu. Kuacha lithiamu ghafla kuna hatari yake mwenyewe, juu ya hatari ya ugonjwa. Miaka ya 1990 watafiti kama Ross Baldessarini na Leonardo Tondo waliwafuatilia wagonjwa walioacha, wakaona waliokatisha ghafla ugonjwa uliwarudia mapema na kwa wingi kuliko walioshushwa polepole. Mania, yaani kule kupanda kama usiku ule wa skrubu, mara nyingi hurudi ndani ya miezi michache, na hatari ya mtu kujiua hupanda. Kwa hiyo siku kumi hizo unazoziona kama kufunga kula kabla ya kipimo cha damu ni kitu kingine kabisa. Unamtoa mtu kwenye kamba akiwa katikati ya mto ili umpige picha vizuri.

Na picha yenyewe haiwezi kukupa unachotafuta! Hadi leo hakuna picha ya ubongo, ya mashine yoyote, inayoweza kumchukua mtu mmoja ikasema huyu ana bipola, huyu sonona, huyu skizofrenia, na huyu apewe dawa hii. Mwaka 2018 wataalamu walioandikia Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani walipitia tafiti za picha na kukubali kwamba bado hazijafika mahali pa kutumika kutoa jina la ugonjwa wa akili. MRI ina kazi yake: daktari akihofia uvimbe, kiharusi au ubongo kushambuliwa na kinga ya mwili, ataiagiza, na hapo itaokoa maisha. Josep Dalmau na wenzake walieleza mwaka 2007 ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya ubongo, mgonjwa akaonekana kama amechanganyikiwa tu, kumbe anatibika. Lakini huo nao huthibitishwa kwa kupima damu na maji ya uti wa mgongo, na wagonjwa wengi wa namna hiyo MRI yao hutoka kawaida tu.

Yule bwana aliponionyesha doa la bluu, alikuwa ananionyesha wastani wa watu wengine. Hapa ndipo nilipodanganyika na ndipo unapodanganyika wewe. Utafiti unachukua watu mia wenye bipola na mia wasio nayo, unalinganisha, unakuta sehemu fulani kwa wastani ni ndogo kidogo. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Ila chukua urefu: wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, hilo nani atalipinga? Sasa nikikwambia nyuma ya mlango kuna mtu wa sentimita 168, utaniambia ni mwanamume au mwanamke? Tofauti za ubongo kwenye magonjwa haya ni ndogo kuliko hiyo ya urefu, mara nyingi kwa mbali. Kundi la ENIGMA, lililounganisha picha kutoka nchi nyingi, liliweka pamoja wagonjwa wa sonona zaidi ya 1,700 na watu wengine zaidi ya 7,000, likakuta hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya wagonjwa imepungua kwa kiasi kidogo mno. Ukichukua picha moja kutoka kwenye lundo hilo huwezi kujua ni ya mgonjwa au la. Na mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba kuunganisha sura ya ubongo na tabia au dalili kwa uhakika kunahitaji maelfu ya watu, wakati tafiti nyingi zilikuwa zinafanywa na watu 25 hivi.

Hizo rangi nazo. Mashine ya MRI inayopima kazi ya ubongo haioni mawazo wala hisia, inafuata oksijeni kwenye damu, njia iliyoelezwa na Seiji Ogawa mwaka 1990. Kijisanduku kimoja cha hiyo picha, cha milimita tatu kila upande, kimebeba mamia ya maelfu ya seli za neva, na ubongo mzima una kama bilioni 86. Rangi anaweka mtu kwenye kompyuta baada ya hesabu, na hesabu zikifanywa ovyo chochote kinaweza kuwaka. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni kwenye mashine, samaki aliyekufa, wakamwonyesha picha za watu wenye hisia mbalimbali. Bila kusahihisha hesabu zao, sehemu za ubongo wa samaki zikawaka. Walifanya makusudi kuonya wenzao. Siku niliyosoma habari ile nilicheka hadi machozi, halafu nikakumbuka karatasi yangu inayong'aa na kicheko kikakata.

Huyo mtaalamu bado ananikera, sitaficha. Alijua. Mtu anayefanya kazi na picha hizo kila siku hawezi kukosa kujua tofauti ya kundi na mtu mmoja. Nilipompigia simu yeye, mdogo wangu akiwa wodini, alinijibu kwamba "ugonjwa ulikuwa umejificha". Yaani mwezi uliopita picha inaona kila kitu, mwezi huu ugonjwa unajua kujificha! Hakuuliza hata mgonjwa anaendeleaje.

Msinielewe vibaya, siupingi utafiti wa ubongo. Naupenda, na naudai zaidi kuliko zamani. Thomas Insel aliongoza Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani tangu 2002 hadi 2015, akasema waziwazi mwaka 2017 kwamba mabilioni 20 hivi ya dola yalitoa makala nyingi nzuri za kisayansi, lakini hayakupunguza watu kujiua wala kulazwa. Mtu wa ngazi ile anakiri hivyo, halafu mtu wa kioo cha ukutani anakuahidi jibu kwa siku moja. Hata walio makini huanguka. Helen Mayberg na wenzake mwaka 2005 waliingiza nyaya za umeme ndani ya ubongo wa watu sita wenye sonona sugu, wanne wakapata nafuu kubwa. Jaribio kubwa lililofuata, la watu 90, likasimamishwa njiani kwa sababu kwa wastani waliowashiwa umeme hawakuwazidi wale ambao wao umeme haukuwashwa. Wamerudi mezani kutafuta nyaya zipitie wapi hasa kwa kila mtu. Hivyo ndivyo mtafiti wa kweli anavyofanya, anaonyesha mpaka alipokwama.

Na hiyo lithiamu unayotaka kuiacha, unaijua ilikotoka? John Cade, daktari wa Australia, aliwapa wagonjwa kumi wa mania na kuchapisha matokeo mwaka 1949. Hakuwa na mashine. Mwaka huo huo, 1949, Nobel ya tiba alipewa Egas Moniz kwa upasuaji wa kukata nyuzi za mbele za ubongo, upasuaji ulioharibu watu wengi. Sifa zilikwenda kwa aliyeingia ndani ya ubongo kwa chuma, na lithiamu, chumvi ya Cade, ikakaa hadi 1970 ndipo Marekani ikairuhusu. Mpaka leo hakuna anayeweza kukuchorea kikamilifu lithiamu inafanya nini ndani ya seli, lakini ni miongoni mwa dawa chache sana zenye ushahidi wa kupunguza watu kujiua.

Kipimo chenye maana kwa kaka yako ni kichupa kidogo cha damu. Lithiamu ikiwa kidogo haifanyi kazi, ikizidi ni sumu, na kwa wengi kiwango kinachotafutwa ni kama 0.6 hadi 1.0. Pamoja nacho figo na tezi ya shingo. Mdogo wangu sasa anapimwa kila baada ya miezi michache, inachukua dakika tano, karatasi yake ni ya kawaida tu na haina rangi hata moja. Kama kaka yako anasumbuliwa na kiu au kutetemeka, jibu linaanzia kwenye namba hiyo na kwenye kuongea na daktari kuhusu dozi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nitairudia kwenye kila uzi wa namna hii mpaka mnichoke: dawa haiguswi kwa sababu ya picha. Akija mtu na utafiti, muulize kama umethibitishwa kwa mtu mmoja mmoja au ni wastani wa kundi, na usikilize anavyoanza kujikanyaga. Hata huo utafiti ulioulizia, ukiwa halali una kamati ya maadili na fomu ya ridhaa, mgonjwa halipi ili ajaribiwe, na kama kuna dawa ya kusimamishwa, daktari wake anahusishwa na anafuatiliwa kwa karibu. Hawamwambii mtu kwa simu aache siku kumi.

Sasa, leo hii: usimrudishie vidonge mwenyewe kwa kukisia, wala usisubiri wiki iishe. Mpigie daktari wake aliyeanzisha dawa, umwambie siku na saa ya kidonge cha mwisho na dozi ilikuwa ngapi, yeye aseme anarudishwaje. Ukimkosa, nendeni hospitali mkiwa na kopo la dawa mkononi. Kila asubuhi muulize kaka yako amelala kwa muda wa saa ngapi, uandike. Akilala kwa muda wa saa mbili tu na akaamka mchangamfu bila uchovu, usingoje usiku wa pili. Halafu urudi hapa uandike umempata daktari au la, nitakuwa macho.